Somo: Kuchora picha yenye maneno kwa mtindo wa kanga

Ukitaka kujifunza kuweka maneno ndani ya picha, anza na kanga. Ina pindo linalozunguka pande zote, ina mji, yaani eneo la katikati, na sehemu ya chini ya mji lipo jina, yaani msemo wake. Mteja anaweza kupenda rangi zote na bado akairudisha kanga kwa sababu jina halimfai. Nguvu hiyo ndiyo tunayoitafuta.

Andaa karatasi ya sentimita 45 kwa 33 (uwiano wake unakaribia wa kanga), rula, penseli, brashi na rangi mbili au tatu.

1. Chagua jina kabla ya kuchora chochote. Hapa usiharakishe. Jina zuri halimtaji anayesema wala anayeambiwa. Chukua hili linalojulikana sana: JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Anayesema ni mpenzi? Mtafuta kazi? Mama anayeomba mtoto? Kila msomaji atalijaza kwa yake, na ndiyo maana atasimama. Ungeandika "Nampenda lakini hanitaki", angesoma na kupita.

2. Chora pindo, kisha mji. Korosho, maua, kuku, chochote unachokiweza.

3. Pigia jina mistari miwili ya rula. Hesabu herufi pamoja na nafasi za kati: jina letu lina 24. Kati yake ni kabla tu ya T ya TAMAA. Weka alama hapo, katikati ya karatasi, kisha andika ukielekea kulia na kushoto. Ukianzia kushoto, SIKATI itabanana pembeni. I ipe nafasi ndogo, M ipe kubwa.

4. Paka rangi. Herufi na mandhari yake vitofautiane kabisa, nyeupe juu ya nyekundu kwa mfano. Bandika ukutani, usome ukiwa upande wa pili wa chumba.

Maswali ya wanachama

Swali: Lazima picha ifanane na maneno?
Jibu: Hapana, na mimi napenda zaidi visipofanana. Ukichora mtu anayelia juu ya jina letu, umeshamwamulia mtazamaji. Chora korosho, umwache afikiri.

Swali: Naweza kuandika kwa hati za Kiarabu?
Jibu: Ndiyo. Majina ya kanga za zamani yaliandikwa hivyo, herufi za Kirumi zikaja baadaye. Angalia tu watazamaji wako wanasoma zipi.

Swali: Kwa nini jina lisijaze mji wote, lionekane vizuri?
Jibu: Litakuwa tangazo. Kwenye kanga jicho hupita kwanza kwenye rangi, ndipo likutane na maneno. Tena mvaaji ana uhuru wake: akitaka jina lisomwe analiweka wazi, asipotaka analificha kwenye mkunjo.