Kuhamia Lushoto kwa Msanii na Mwandishi: Mambo ya Kupanga Kabla ya Kupanda Mlima

Lushoto ni mji mdogo wa mkoa wa Tanga, uliokaa bondeni katika milima ya Usambara Magharibi, takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mchoraji, mchongaji, mfinyanzi, mwanamuziki au mwandishi anayeishi Dar es Salaam, Tanga, Arusha au ng'ambo, ambaye anafikiria kuhamia huko kwa miaka kadhaa na si kwa likizo. Jambo ambalo ningependa alishike kabla ya mengine yote ni kwamba Lushoto humpa msanii muda, malighafi na majirani wenye ufundi wa asili, lakini haimpi soko. Asitarajie kukuta huko majumba ya maonyesho, studio za kurekodia na wanunuzi wa kila wiki kama alivyozoea mjini. Kwa sababu hiyo mpangilio wa maandalizi yake unapaswa kuwa kinyume na ule wa wahamiaji wengi, yaani aanze na soko, afuatie na nyumba, na suala la ardhi aliache mwisho kabisa.

Soko la kazi yako litabaki mijini chini ya mlima na pwani, kwa hiyo lijenge ukiwa bado uko huko. Mchoraji anayehama kabla hajafahamiana na wasimamizi wa Nafasi Art Space kule Mikocheni, kituo ambacho kimekuwa kikiwapa wasanii karakana na maonyesho tangu 2008, atakuta ni vigumu mno kuanza uhusiano huo kutoka mlimani. Mwanamuziki na mcheza ngoma wahakikishe wanajulikana kwa waandaaji wa tamasha la Bagamoyo na yale ya Zanzibar, kwa maana mialiko huenda kwa watu wanaokumbukwa. Usajili wako katika Baraza la Sanaa la Taifa, yaani BASATA, ukamilishe mapema, na kazi ambazo hutaki zichukuliwe na wengine zisajili katika Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA. Ukiwa na vyeti hivyo mkononi, mlango wa kwanza wa kubisha hodi utakapofika Lushoto ni ule wa afisa utamaduni wa halmashauri ya wilaya, ambaye ndiye anayejua vikundi vya ngoma, kwaya na mafundi wa vijijini, na ndiye atakayekutambulisha kwao kwa heshima inayostahili.

Wanunuzi wachache utakaowapata mlimani kwenyewe ni watalii. Tangu miaka ya 1990 Lushoto imekuwa na programu ya utalii wa kitamaduni, ambamo wageni hutembea kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji wakiongozwa na vijana wa hapo. Mtu anayetembea siku tatu akiwa na begi mgongoni hawezi kununua picha ya ukubwa wa mlango wala kinyago cha kilo 20. Hununua kadi iliyochorwa kwa mkono, chungu kinachoenea kiganjani, kitambaa, au kijitabu chembamba cha hadithi. Kama uko tayari kutengeneza kazi ndogo za aina hiyo pamoja na kazi zako kubwa, utapata fedha ya matumizi madogo katika miezi ya kiangazi, ila usiitegemee kwa kodi ya nyumba wala ada ya shule. Nashauri uwe na akiba ya mwaka mzima kabla ya kuhama, au kazi nyingine unayoweza kuifanya kwa mbali, kama vile uhariri, tafsiri au usanifu wa vitabu.

Baada ya hapo nenda ukaone, na uende wakati mbaya. Barabara ya kupanda huanzia Mombo, kwenye njia kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha, na ni lami ya takriban kilomita 33 yenye kona nyingi, ikikata kando ya korongo na kupita Soni kabla ya kufika mjini. Mgeni anayepanda mwezi Januari, jua likiwaka na plamu na peasi zikiuzwa kando ya barabara, huona pepo na kutoa kishika uchumba cha kiwanja siku hiyohiyo. Mji uleule katika masika, kati ya Machi na Mei, una ukungu unaoingia hadi sebuleni, umeme unaoweza kukatika kwa dhoruba, na wakati mwingine kifusi kinachoporomoka na kufunga barabara. Mwezi Julai hakuna mvua nyingi, lakini usiku ni wa baridi kali kwa mtu wa pwani. Panga chumba kwa mwezi mmoja katika masika na kwa majuma machache katika Julai, ufanye kazi yako ya kawaida humo, ndipo uamue. Usipoweza kuandika au kuchora katika majuma hayo, hali ya hewa haitabadilika kwa ajili yako.

Katika kuchagua nyumba, ningemsihi msanii atazame mwanga kabla ya kutazama mandhari. Milima hulificha jua, na kuna nyumba nzuri sana bondeni ambazo hupata jua saa nne asubuhi na kulipoteza saa tisa alasiri. Vitabu vya uchoraji vilivyoandikwa Ulaya humshauri mchoraji atafute dirisha linaloangalia kaskazini ili apate mwanga tulivu usio na jua la moja kwa moja. Ushauri huo ukiufuata Lushoto utajuta, kwa kuwa mji huu uko takriban nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, na tangu Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana hupita upande wa kaskazini. Dirisha kubwa la kusini ndilo litakalokupa mwanga tulivu kwa sehemu kubwa ya mwaka, na katika miezi iliyobaki, jua linapohamia kusini, pazia jepesi jeupe litatosha. Kwa siku za ukungu weka taa nyeupe zenye nguvu, kwani rangi iliyochanganywa katika giza la masika huonekana tofauti kabisa inapofika ukutani kwa mnunuzi wa pwani.

Unyevu ndio adui mkubwa zaidi, nao unastahili kuelezwa kwa kirefu. Karatasi hujikunja, vitabu huota kuvu kwenye mgongo, na rangi za mafuta hukawia kukauka kiasi kwamba tarehe uliyomwahidi mteja hupita. Vyungu vinavyofinyangwa wakati wa masika vinahitaji siku nyingi zaidi kivulini kabla ya kuchomwa, kwa sababu maji yaliyobaki ndani ya udongo hugeuka mvuke motoni na kukipasua chungu. Ngozi ya ngoma hulegea na kupoteza sauti, ndiyo maana wapigaji huianika karibu na moto kabla ya kuanza. Mchongaji akumbuke kwamba mti uliozoea hewa ya Usambara utaendelea kukauka ukipelekwa Dodoma, na kinyago kilichokamilika vizuri kinaweza kupata ufa katika mwezi wa kwanza. Dawa yake ni kukausha mbao kwa muda mrefu chini ya paa lenye upepo na kutoboa uvungu wa vinyago vinene. Chumba cha kazi kiwe na sakafu ya saruji iliyoinuliwa kutoka ardhini, madirisha pande mbili ili hewa ipite, na rafu zisizogusa ukuta. Karatasi na kanvasi zifungie ndani ya masanduku ya plastiki yenye mfuniko pamoja na vipande vya mkaa vilivyofungwa kwenye kitambaa, na uvibadilishe au kuvianika juani kila mara.

Mkaa huohuo ukiuwasha uutende kwa tahadhari. Nyumba chache za zamani zina mahali pa moto penye dohani, na ukiipata ya namna hiyo ishike. Katika nyumba isiyo na dohani, usilale na jiko la mkaa chumbani hata kama baridi ni kali namna gani, kwa kuwa hewa ya sumu inayotoka humo haina harufu na huua watu usingizini. Nunua mablanketi mazito na sweta mnadani, vitu vinavyopatikana kwa bei nafuu.

Mtandao wa simu upime ukiwa ndani ya nyumba yenyewe unayotaka kupanga, tena kwa laini za kampuni zaidi ya moja, maana ukingo mmoja wa mlima unatosha kuzuia mawimbi wakati nyumba ya jirani, hatua 50 juu, inapata intaneti bila shida. Umeme ni wa LUKU, yaani unaulipia kabla ya kuutumia. Kuhusu maji, muulize mpangaji anayetoka, wala si mwenye nyumba, bomba hutoa mara ngapi kwa wiki wakati wa kiangazi. Hospitali ya wilaya iko mjini, na kwa matibabu makubwa utashuka hospitali ya Bombo mjini Tanga au ya KCMC mjini Moshi, jambo ambalo mwenye ugonjwa wa kudumu anapaswa kulipima kwa makini.

Sasa nizungumzie watu, ambao kwa maoni yangu ndio sababu halisi ya msanii kuhamia Usambara badala ya mlima mwingine wowote wenye baridi. Wenyeji wengi ni Wasambaa, na pamoja nao wako Wapare na Wambugu, watu ambao lugha yao ya ndani, Kimaa, imewashughulisha wataalamu wa isimu kwa miongo mingi. Kule Vuga ndiko kulikokuwa makao ya wafalme wa Kikilindi, ukoo uliowatawala Wasambaa, na Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala hadi 1862, alifanya himaya yake ijulikane hadi pwani. Katika karne ya 20 kiwanda cha uchapaji cha misheni ya Kilutheri ya Vuga, karibu na Soni, kilitoa vitabu vingi vya Kiswahili, kwa hiyo mwandishi anayehamia huku haingii mahali pageni kwa vitabu. Kule Mlalo utaona nyumba za udongo za ghorofa zenye roshani za mbao, na mchoraji wa majengo anaweza kukaa huko msimu mzima bila kumaliza. Ufinyanzi ni kazi ya wanawake, wanaochimba udongo wenyewe, kuujenga bila gurudumu na kuuchoma kwenye moto wa wazi.

Ukitaka kujifunza kwa mama mfinyanzi, mwendee kupitia kwa mwenyekiti wa kijiji au mtu wa ukoo wake, umwamkie kwa shikamoo, umlipe kwa siku zake kama unavyomlipa fundi mwingine yeyote, na umwombe ruhusa kabla ya kupiga picha au kunakili mapambo yake. Nyimbo za jando, za matambiko na za misiba si za kurekodiwa kiholela, na kama mzee amekataa, basi amekataa. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu heshima ya msanii mmoja mgeni ikipotea, mlango hufungwa kwa wote watakaomfuata.

Kwa upande wa taratibu, ondoka na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa unaouhama, uiwasilishe kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji unachohamia katika juma la kwanza, na uandikishwe kwenye daftari la wakazi. Jitambulishe pia msikitini au kanisani kama wewe ni mtu wa ibada. Nenda kwenye mazishi hata ya mtu usiyemjua, na utoe mchango mdogo unaoumudu, kwa kuwa huko ndiko watu watakapokujua kwa jina. Kama kazi yako ina kelele, iwe ni ngoma, tarumbeta au msumeno, waeleze majirani saa zako kabla hujaanza.

Mbao za msitu wa asili usizinunue gizani. Msitu wa Magamba, ulio juu ya mji, ni hifadhi ya mazingira asilia inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, na mkulo au podo uliokatwa humo utakuingiza matatani. Mgrevilea, msonobari na mkaratusi wa mashambani hupatikana kwa wakulima kwa njia halali, lakini hata hizo, kabla ya kuzisafirisha, ulizia kibali katika ofisi ya misitu ya wilaya.

Ardhi, kama nilivyosema, ni ya mwisho. Panga nyumba kwa mwaka mmoja angalau, kwa mkataba wa maandishi. Ukiamua kununua, fahamu kwamba ardhi ya vijiji inaongozwa na Sheria Na. 5 ya 1999, ambayo inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wake chini ya mkutano mkuu wa kijiji, kwa hiyo karatasi iliyosainiwa na muuzaji peke yake haitoshi. Hakikisha ndugu wote wa muuzaji wanajua, maana mashamba mengi ya milimani ni ya ukoo. Asiye raia haruhusiwi kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa. Epuka kiwanja kilicho chini ya mteremko uliofyekwa, na usijenge ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, kwani Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza.

Wakati mzuri wa kuhama ni Juni, mvua ikiwa imekwisha na barabara imekauka, ili uwe na miezi kadhaa ya kuziba paa na kupanga karakana kabla ya vuli kuanza Oktoba. Malori yanayoshusha kabichi, karoti na viazi Dar es Salaam hurudi mlimani yakiwa na nafasi, na dereva hukubali kubeba vyombo vya nyumbani kwa bei ndogo kuliko ya gari la kukodi, mradi mpatane kabla ya kupakia na uweke turubai lako mwenyewe juu ya mzigo. Ala za muziki, miswada na picha zilizokamilika panda nazo kwenye basi la asubuhi, ukiziweka miguuni pako, kwa sababu sehemu ya mizigo hupata vumbi na mtikisiko mwingi kwenye kona za kutoka Mombo.