Somo: Kumkumbuka Tal kwa farasi wa f4, ubaoni na kwa saa

Mikhail Tal, mchezaji wa sataranji (chess), alizaliwa Riga, Latvia, tarehe 9 Novemba 1936. Kwa wanaopanga kumkumbuka mwezi huo hapa Kisumu, au popote kuanzia Nakuru hadi Kakamega, pendekezo letu ni mchezo mmoja tu, ule wa 6 wa pambano la kuwania ubingwa wa dunia la 1960 dhidi ya Mikhail Botvinnik, bingwa wa wakati huo. Ulichezwa Moscow, Tal akiwa na miaka 23 na akishika Nyeusi. Farasi alipotolewa sadaka, yaani alipoachwa aliwe kwa makusudi, makelele ya watazamaji yalizidi hadi wachezaji wakahamishiwa chumba cha ndani.

Kuna njia mbaya ya kuutazama mchezo huu, nayo ndiyo iliyozoeleka: mtu anaufungulia kwenye simu, injini (programu ya kuchambua mchezo) inasema farasi ametolewa kimakosa, na somo linaishia hapo. Sadaka ya Tal ni swali analoulizwa binadamu huku saa ikitembea. Asiyekaa upande wa anayeshambuliwa hawezi kuielewa.

Vifaa. Mbao mbili, saa moja, kalamu na karatasi. Simu zote zikusanywe mezani pengine. Andikeni hatua za mchezo kwa mkono siku iliyotangulia, maana mvua za alasiri za Novemba huku kwetu huja na kupotea kwa stima. Mkikaa barazani, tumieni kete zenye uzito chini. Upepo wa ziwa unaangusha zile nyepesi, na nafasi yenye kete 26 ikivurugika mnapoteza dakika kumi kuirudisha.

Kupanga nafasi. Hatua 20 za mwanzo, katika Ulinzi wa Kihindi wa Mfalme, zipitieni haraka au mziache. Pangeni nafasi moja kwa moja baada ya hatua ya 21 ya Nyeupe. Herufi ni zile za kawaida: K mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi; hatua isiyo na herufi kubwa ni ya askari. Alama x ni kula, + ni kumtishia mfalme, ! ni hatua nzuri, na nukta tatu baada ya namba ni hatua ya Nyeusi.

Nyeupe: Kh2, Qe2, Ra1, Rc1, Be3, Bg2, Nc3, na askari a2, b2, d5, f2, g3, h3.
Nyeusi: Kg8, Qb4, Rc4, Rc8, Bf5, Bg7, Nh5, na askari a7, b7, d6, e5, g6, h7.

Hesabuni: kete 13 kila upande. Hakikisheni a1 ni mraba mweusi. Kosa linalojirudia ni kuiacha ngome ya Nyeupe b1, ilikokuwa kabla ya hatua ya 21. Ikibaki pale, askofu wa f5 anaila, Nyeusi anapata ngome kwa askofu tu, na hakuna tena la kujifunza.

Kabla ya kugusa kete. Kila mmoja aandike, kimya, kwa dakika 5: Nyeusi acheze nini, na kwa nini? Karatasi zikunjwe. Msiruke hapa. Aliyekwisha kuandika jibu lake ataikumbuka hatua ya Tal mwaka mzima. Aliyeonyeshwa tu ataisahau kabla ya kufika stendi.

Sadaka. Chezeni 21...Nf4. Sasa anayeshika Nyeupe apewe dakika 15 kwa hatua nne, 22 hadi 25. Kipimo hicho kina msingi: pambano lile lilichezwa kwa saa 2 na nusu kwa hatua 40, yaani wastani wa dakika 3 na sekunde 45 kwa hatua. Anayeshika Nyeusi ana karatasi ya hatua za Tal na anajibu papo hapo. Nyeupe akitoka kwenye njia ya Botvinnik, karatasi inawekwa kando, naye Nyeusi anaanza dakika 15 zake.

Njia yenyewe: 22.gxf4 exf4 23.Bd2 Qxb2 24.Rab1 f3.

Simameni hapa na mwangalie askari mmoja alivyofanya kazi. Alipokuwa e5 alimziba askofu wa g7. Alipokula f4 aliifungua njia ya askofu huyo hadi c3 na b2, akamfukuza askofu wa e3, na ukuta wa g3 mbele ya mfalme ulikuwa umeshavunjika. Sasa yuko f3, anawatishia malkia wa e2 na askofu wa g2 kwa pamoja, na ameacha wazi mstari wa e5 hadi h2. Huku nyuma, malkia wa Nyeusi mwenyewe yuko mdomoni mwa ngome ya b1. Mwenye Nyeupe anaona malkia wawili wa kuliwa na hajui aanzie wapi. Hapo ndipo Tal alipotaka kumfikisha mpinzani wake.

Hatua ya 25. Wengi wataila malkia, kama Botvinnik: 25.Rxb2 fxe2. Waulizeni kwa nini hawezi kumla askari wa e2 kwa farasi mara moja. Jibu: farasi akiondoka c3, njia ya askofu wa g7 inafunguka na ngome ya b2 inaliwa. Ndiyo sababu ya 26.Rb3. Kisha 26...Rd4 27.Be1 Be5+ 28.Kg1 Bf4 29.Nxe2 Rxc1 30.Nxd4 Rxe1+ 31.Bf1 Be4. Kete kubwa zimelingana, lakini Nyeusi ana maaskofu wawili na askari mmoja zaidi, na yule wa d5 hana maisha marefu. Yaliyobaki mkayachezeni nyumbani.

Jibu lililokuwa bora ni 25.Bxf3 Bxb1 26.Rxb1 Qc2 27.Be4! Rxe4 28.Nxe4 Qxb1 29.Nxd6. Nyeusi akicheza 29...Rf8, inakuja 30.Qe6+ Kh8 31.Nf7+, naye analazimika kuitoa ngome kwa 31...Rxf7 32.Qxf7. Nyeupe anabaki na askari wa d5 aliye huru. Akirudisha mfalme, 31...Kg8, ni meti (mfalme hana pa kukimbilia, mchezo umekwisha): 32.Nh6+ Kh8 33.Qg8+ Rxg8 34.Nf7. Fanyeni meti hiyo kwa mikono, polepole, mara tatu.

Injini. Sasa simu zirudi. Isitumike zaidi ya dakika 20, na kila swali liandikwe kabla ya kuulizwa.

Maswali ya wanachama

*Kakamega: Mwalimu, kama 25.Bxf3 ilikuwepo, si tunawafundisha watoto kosa?*

Mwulize mtoto aifikie 27.Be4 akiwa na dakika 4, bila kuambiwa kwamba ipo. Askofu anakwenda kuliwa, na ngome ya b1 inapoteza mlinzi. Bingwa wa dunia aliyekuwa amekaa pale hakuichagua njia hiyo. Wafundishe yote mawili: kwamba jibu lipo, na kwamba kulipata ni kazi nzito. Usiwaambie kamwe kwamba Tal alibahatisha.

*Nakuru: Lazima Nyeupe amle farasi kwa askari wa g3?*

Hapana. Anaweza kumla kwa askofu, 22.Bxf4 exf4, lakini hapo anampoteza askofu wake wa miraba myeusi na yule wa g7 anabaki bila mpinzani. Kumwachia farasi pale bila kufanya lolote hakufai: anamshika malkia na askofu kwa wakati mmoja.

*Kisumu: Tuna watoto 12 na saa moja tu. Tufanyeje?*

Mgawanye makundi matatu ya wanne. Wawili wanashauriana kwa Nyeupe, wawili kwa Nyeusi, na saa moja iwahesabie wote. Mkikosa ubao wa tatu, chora kwenye katoni, miraba ya sentimita 5. Wasizidi wanne kwa ubao. Wa tano huwa anaangalia barabarani.

*Bungoma: Kuna wanaosema alikuwa bingwa wa mwaka mmoja, asiyejua kujilinda.*

Mwaka mmoja ni kweli: alishinda kwa pointi 12½ kwa 8½, na marudiano ya 1961 akashindwa 13 kwa 8. La kujilinda si kweli. Kati ya 1973 na 1974 alicheza michezo 95 mfululizo bila kushindwa hata mmoja, akashinda 46 na kutoka sare 49. Ukimaliza mchezo huu wa farasi wa f4, chukua mmoja kati ya zile sare, uucheze ukiwa upande wake, na uhesabu ni mara ngapi anabadilisha kete kwa hiari yake.