Nilivyomchagulia binti yangu chekechea

Nenda asubuhi watoto wanapoachwa na wazazi, bila kutoa taarifa. Mimi nilisimama getini nikimtazama mwalimu: anachuchumaa kumbembeleza anayelia, au anamburuta mkono huku simu iko sikioni? Shule ya kwanza niliifuta papo hapo, licha ya bembea zake nzuri.

Kisha omba kuona choo. Sinki liwe la kimo cha mtoto, sabuni iwepo. Uliza ni walimu wangapi wameondoka mwaka huu, na kama ada ya usajili hurudishwa. Jibu walitoe kwa maandishi. Omba nafasi shule mbili tatu, mapema.

Usaili wa mtoto wa miaka 3? Wangu aligoma kutaja rangi, akaomba maji. Tukaondoka.