Kusakinisha GCC Katika Linux Inayojengwa Kutoka Msimbo Chanzo

Kabla ya kuigusa GCC, yaani kompaila inayogeuza msimbo chanzo kuwa programu, hakikisha kwamba Binutils (kifurushi chenye asembla na linka, zana za kutengeneza na kuunganisha vipande vya programu) imekwisha kusakinishwa, kwa kuwa kompaila huchunguza asembla na linka inazozikuta, kisha huamua kutokana nazo vipengele itakavyowezesha. Fungua kifurushi cha GCC, na ndani ya folda yake ufungue pia maktaba za hesabu za GMP, MPFR na MPC, ukiondoa namba za matoleo ili folda zibaki kuitwa gmp, mpfr na mpc tu. Zikiitwa vinginevyo, hazitatambuliwa.

Usijengee ndani ya folda ya msimbo chanzo. Tengeneza folda iitwayo build, ingia humo, kisha endesha ../configure, hati inayoandaa ujenzi. GCC hujengwa zaidi ya mara moja; katika mzunguko wa kwanza mfumo mpya bado hauna maktaba ya C, na ndiyo sababu ya kuweka --with-newlib, --without-headers na --disable-shared: usipoyaweka machaguo hayo, ujenzi unaweza kukwama ukiitafuta Glibc, yaani maktaba hiyo ya C, ambayo bado haipo. Chaguo la --enable-languages=c,c++ linatosha, tena linaokoa muda mwingi.

Endesha make, halafu make install.

Katika mzunguko wa mwisho, Glibc ikiwa tayari, usiruke make check, inayoendesha majaribio ya GCC, hata ikichukua saa kadhaa. Majaribio machache kufeli si jambo la kutisha. Kisha kompaili programu ya mstari mmoja, int main(){}, na uandike readelf -l a.out | grep ld-linux. Kwenye kompyuta ya x86 ya biti 64, jibu linapaswa kutaja /lib64/ld-linux-x86-64.so.2, kipakiaji cha Glibc kinachoanzisha programu.