Akaunti mbili za GitHub kwenye kompyuta moja, kila moja na ufunguo wake wa SSH

GitHub, tovuti ya kuhifadhi miradi ya programu, haikubali ufunguo mmoja wa SSH (njia salama ya kuingia kwenye seva) uandikishwe kwenye akaunti mbili. Ukijaribu utajibiwa "Key is already in use". Watumiaji wote huingia kwenye seva ya GitHub kwa jina moja, `git`, na kinachowatofautisha ni ufunguo tu. Basi mwenye akaunti ya kazi na ya binafsi anahitaji funguo mbili.

1. Tengeneza funguo

```
ssh-keygen -t ed25519 -C "kazi" -f ~/.ssh/id_kazi
ssh-keygen -t ed25519 -C "binafsi" -f ~/.ssh/id_binafsi
```

Usiache `-f`, maana bila hiyo amri zote mbili zitalenga faili lilelile. Ukiulizwa nywila, weka. Ufunguo usio na nywila unamfaa yeyote atakayelinakili faili lako.

2. Andikisha

Katika kila akaunti nenda Settings, kisha "SSH and GPG keys", ubandike yaliyomo kwenye faili la `.pub`. Lile lisilo na `.pub` halitoki kwenye kompyuta yako kamwe.

3. Andika `~/.ssh/config`

```
Host github-kazi
  HostName github.com
  User git
  IdentityFile ~/.ssh/id_kazi
  IdentitiesOnly yes

Host github-binafsi
  HostName github.com
  User git
  IdentityFile ~/.ssh/id_binafsi
  IdentitiesOnly yes
```

`github-kazi` na `github-binafsi` ni majina ya kubuni; utayatumia badala ya `github.com`. Wengi huukata mstari wa `IdentitiesOnly` wakidhani ni pambo, na hapo ndipo matatizo huanzia. Usipokuwepo, `ssh-agent` (programu inayokutunzia funguo) hutoa funguo zote ilizonazo, mmoja baada ya mwingine, na GitHub hupokea wa kwanza inaoutambua, hata kama ni wa akaunti nyingine. Utaingia vizuri kabisa, halafu utaambiwa "Repository not found" kwa ripo (hifadhi ya mradi) unayoiona kwenye kivinjari.

Kwenye Windows, hakikisha Notepad haikulihifadhi faili kama `config.txt`.

4. Jaribu, kisha tumia

```
ssh -T git@github-kazi
git clone git@github-kazi:kampuni/mradi.git
```

Amri ya kwanza ijibu "Hi" na jina la akaunti ya kazi. Likija jina jingine, usiendelee.

Maswali ya wanachama

Mkuu, jaribio limekubali, ila `git push` inasema "Permission to kampuni/mradi.git denied to" na kutaja akaunti yangu binafsi.

Ripo hiyo uliipakua kabla ya mpangilio huu, bado ina anwani ya zamani. Angalia kwa `git remote -v`, kisha:

```
git remote set-url origin git@github-kazi:kampuni/mradi.git
```

Ikigoma bado, endesha `ssh -vT git@github-kazi` usome mstari wa "Offering public key": utaona ni faili lipi linalotumwa.

Mtandao wa chuo umefunga poti 22, ile ya SSH. Nifanyeje?

Badili `HostName` iwe `ssh.github.com`, na chini yake ongeza `Port 443`. Mara ya kwanza utaulizwa uthibitishe alama ya seva ("fingerprint"). Ilinganishe na zile GitHub ilizochapisha kabla ya kuandika `yes`.

Mbona kazi zangu za ofisini zinaonekana kwa picha ya akaunti binafsi?

Ufunguo hauhusiki hapo. GitHub husoma barua pepe iliyomo ndani ya kila `git commit` (rekodi ya mabadiliko). Weka miradi ya ofisi kwenye folda moja, hapa `~/kazi`, na mwishoni mwa `~/.gitconfig` ongeza:

```
[includeIf "gitdir:~/kazi/"]
  path = ~/.gitconfig-kazi
```

Ndani ya `.gitconfig-kazi` andika `[user]` na `email` ya ofisi. Usisahau mkwaju (`/`) baada ya `kazi`, la sivyo folda za ndani hazitahesabiwa. Zilizokwisha kurekodiwa zitabaki na barua pepe ya zamani.