Kufunga sabmita kwenye jengo la fremu zinazotumia LUKU moja

Kama TANESCO wanaweza kumfungia kila mpangaji LUKU yake, ombeni hiyo. Sabmita, yaani mita ndogo inayofungwa baada ya LUKU kupima umeme wa kila fremu, ni ya jengo ambalo fremu kumi zinakula mita moja, na kinyozi analipa sawa na mwenye friji tatu za soda.

Kabla ya kununua chochote, zima breka ya fremu moja, ingia ndani, jaribu kila taa na kila soketi. Kinachoendelea kuwaka kinakula umeme wa jirani. Kwenye fremu zilizogawanywa kwa mbao au jipsamu hali hii ni ya kawaida sana, maana nyaya zilipita kabla ya ukuta kuwepo. Rekebisha hilo kwanza.

Kisha fuatilia nyutro, yaani waya unaorudisha umeme. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa sababu fundi hutenganisha nyaya za moto halafu nyutro akaziacha zimefungwa pamoja. Sabmita zenye kinga ya wizi hulinganisha mkondo wa waya wa moto na wa nyutro, zikahesabu ulio mkubwa. Nyutro ikiwa ya fremu mbili, mpangaji analipia umeme wa mwenzake. Na kama fremu ziko kwenye fesi tofauti (nyaya tofauti za moto kati ya tatu zinazoingia kwenye jengo), nyutro hiyo ya pamoja ikikatika, volti 230 zinaweza kupanda kuelekea 400 na kuunguza vifaa. Kila fremu iwe na waya wake wa moto na nyutro yake, kuanzia sabmita hadi soketi ya mwisho.

Kwa fremu ya kawaida inatosha sabmita ya fesi moja ya kufunga kwenye reli ya boksi la breka, ya hadi ampea 60, usahihi wa daraja la 1 (kosa la takriban asilimia 1), ikitanguliwa na breka ya ampea 32, na waya wa shaba wa milimita za mraba 6. Mchomeleaji au mwenye mashine ya kusaga anaweza kuhitaji ya fesi tatu. Nunua tatu za ziada: moja ya pampu, moja ya taa za korido na za ulinzi, nyingine ya ukaguzi, inayokaa mara baada ya LUKU na kupitisha umeme wa jengo zima. Bila hiyo ya ukaguzi hakuna namna rahisi ya kujua kama hesabu inajumlika.

Afunge fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. LUKU na lakiri yake haviguswi. Mpangilio wa terminali (matundu ya kufungia nyaya) hutofautiana kati ya mita na mita, kwa hiyo fuata mchoro uliopo kwenye mita yenyewe. Skrubu iliyolegea hupata moto na kuyeyusha plastiki. Baada ya mwezi zima umeme, zikazwe tena.

Kupima: washa birika la wati 2,000 peke yake kwenye fremu, uhesabu mimweko ya taa ndogo ya sabmita. Iliyoandikwa 1000 imp/kWh (mimweko 1000 kwa uniti moja) itamweka kama mara 33 kwa dakika. 1600, kama mara 53. Volti zikiwa chini mimweko hupungua, ndiyo maana ni vizuri birika lilelile lizungushwe fremu zote, saa ileile. Sabmita inayoachana na wenzake irudishwe dukani.

Soma mita zote siku moja, mpige picha. Mita ya ukaguzi ikionyesha uniti 640 na nyingine zote kwa jumla 632, ni sawa: sabmita kumi, kila moja ikila wati moja, humaliza uniti 7 kwa mwezi. Tofauti ikiwa 60, kuna waya umeunganishwa kabla ya sabmita. Utafute.

Bei ya uniti itoke kwenye risiti. Shilingi 100,000 zikileta uniti 280.7, kila uniti ni shilingi 356, kodi na tozo zikiwemo. Kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 hukatwa kupitia LUKU, ni deni la mwenye jengo. Iondoe kabla ya kugawanya. Uniti za taa za ulinzi gawaneni sawa, za pampu walipe wanaotumia maji.

Ukipendelea sabmita za tokeni na umepata zilizotumika, uliza kama zilisasishwa: mita za tokeni za tarakimu 20 ambazo hazikusasishwa kufikia tarehe 24 Novemba 2024 hazipokei tokeni mpya.