Maji kupwa, maji kujaa: kupanga leya za ramani ya gemu la mezani mtandaoni

Kabla hujagusa brashi, chukua karatasi uandike vitu vitakavyobadilika wachezaji wakiwa ndani ya ramani. Mlango utakaovunjwa, paa litakaloondoka mtu akiingia, maji yatakayopanda. Hivyo ndivyo vinavyostahili kuwa na leya zake, yaani tabaka za picha zinazopangwa moja juu ya nyingine, hadi usiku wa gemu. Vingine vyote, hata viwe vizuri namna gani, ni mandhari ya chini na vitaishia kuwa picha moja. Kuna watu humpa kila jiwe leya yake, halafu gemu likianza wanahangaika kutafuta paa lilipo.

Tutajenga ufukwe wa kubuni wenye sura ya Kunduchi, Dar es Salaam: gofu la msikiti, makaburi ya nguzo yaliyopachikwa bakuli za kaure za Kichina, mbuyu, mikoko, banda la wavuvi. Chini ya mwamba tutaweka pango linalofikika maji yakipwa tu. Natumia GIMP kuchora kwa sababu ni ya bure, na Roll20, tovuti ya gemu za mezani, kuchezea. Ukiwa na Krita, programu nyingine ya kuchora, mambo ni yale yale.

Hatua ya 1: Ukubwa na gridi

Ramani yetu ina miraba 24 kwa 18. Roll20 huhesabu mraba mmoja kuwa pikseli 70, lakini mimi huchora kwa 140 ili mchezaji akivuta picha karibu isichuje. Kwa hiyo fungua picha ya pikseli 3360 kwa 2520. Weka leya ya gridi juu kabisa, mistari kila pikseli 140, uipunguzie nguvu ionekane kwa mbali. Hiyo ni ya kukuongoza tu. Utaizima wakati wa kutoa picha, maana Roll20 ina gridi yake, na gridi mbili zikipishana kidogo macho yanauma.

Kwa kipimo cha Dungeons & Dragons, gemu maarufu la mezani, mraba ni futi 5, kama mita moja na nusu. Banda la miraba 4 kwa 3 linatosha watu na nyavu zao.

Hatua ya 2: Ardhi, kuanzia chini kwenda juu

Mchanga, mwamba, majani, kisha kuta za gofu na makaburi. Zipe leya majina papo hapo. "Leya nakala 3" haitakwambia kitu wiki ijayo. Chora ufuo wote kana kwamba maji yamekupwa kabisa: mwani, mawe, ngalawa iliyolala ubavu, na mdomo wa pango. Usiache sehemu tupu eti bahari itaifunika.

Hatua ya 3: Bahari

Hapa ndipo pa kutulia. Tengeneza leya mpya juu ya ardhi, ijaze yote rangi ya maji, kisha iongezee maski ya leya. Kwenye maski, nyeupe inaonyesha na nyeusi inaficha, kwa hiyo ufuo unauchora kwa brashi laini nyeusi bila kufuta chochote. Ukizidisha, badili rangi uwe na nyeupe, urudishe maji. Kifutio hakikupi nafasi hiyo baada ya kufunga faili.

Karibu na nchi kavu tumia kijivu, maji yawe mepesi na mchanga uonekane chini yake. Kule mkondoni acha nyeupe. Ukiridhika, hiyo ndiyo leya ya "kupwa". Inakili mara mbili. Katika nakala ya kwanza sogeza ufuo juu mpaka maji yalambe mdomo wa pango: "nusu". Ya pili yafike kwenye mizizi ya mikoko na kulifunika pango lote: "kujaa". Kila leya ya maji iweke kwenye kundi lake (folda ya leya) na povu lake lichore humo, maana povu hufuata ukingo wa maji. Ukiliacha pamoja na ardhi litabaki linaelea katikati ya bahari.

Kutoka kupwa hadi kujaa ni takriban saa sita, kwa hiyo mwendesha gemu anajua wachezaji wana muda gani kabla njia haijazibwa. Ukitaka kuwatesa, sema ni bamvua.

Hatua ya 4: Vya juu ya vichwa

Paa la makuti na matawi ya mbuyu. Kivuli cha paa kiweke kundi moja na paa, wala usikichore kwenye mchanga. Vinginevyo paa likiondoka, kivuli kinabaki sakafuni na kila mtu atauliza ni nini. Kivuli cha kuta za gofu kinaweza kukaa na ardhi, kwani kuta haziendi popote. Leya za vivuli ziwekee modi ya Multiply, itie giza bila kuua rangi ya chini.

Hatua ya 5: Kutoa picha

Zima gridi, maji ya nusu, maji ya kujaa, paa na matawi. Kinachobaki, pamoja na maji ya kupwa, kitoe kama JPEG. Halafu kila kilichozimwa kitoe peke yake kama PNG, kwa kuwa JPEG haina uwazi na itakuwekea mandhari nyeupe. Maji yatoe kwa ukubwa wa ramani nzima. Paa likate kwa miraba kamili, mfano pikseli 560 kwa 420, likae sawasawa na gridi. Nusu ya meza yako huenda inaingia kwa bando la simu, basi usipakie PNG ya ramani nzima bila sababu.

Hatua ya 6: Ndani ya Roll20

Ukurasa uwe 24 kwa 18. Weka JPEG kwenye leya ya ramani, bofya kulia, chagua Set Dimensions, andika vipimo hivyo. Maji mawili yaliyobaki yapange mahali pake, kisha yapeleke kwenye leya anayoiona mwendesha gemu peke yake. Wakati ukifika, bofya kulia, yahamishie leya ya ramani: yatakaa chini ya tokeni (vipicha vinavyowakilisha wahusika), na mchezaji hawezi kuyaburuta. Paa na matawi yaache kwenye leya ya tokeni, juu ya vyote, bila kumpa mchezaji yeyote ruhusa ya kuvishika. Mtu akiingia bandani, paa linahamia leya ya mwendesha gemu.

Kwenye Foundry, programu nyingine ya kuchezea, ni rahisi zaidi: vipande hivyo unavificha na kuvionyesha kwa kitufe cha jicho.

Mwisho ingia tena kama mchezaji, kitufe kipo kwenye mipangilio, uone pango linaonekana na maji ya siri hayaonekani. Fanya hivyo kabla hujatuma kiungo kwenye grupu la WhatsApp. Kuna mmoja huingia nusu saa mapema na kuzungusha macho kila kona.